Vifaa vya lori la safari ndefu: kipi ubebe, kipi ukiache gereji

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma lina takriban kilomita 930 za kutembea kabla halijaona mpaka. Njiani kuna kilomita 50 hivi ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako huwezi kuteremka na kuanza kufungua nati kati ya tembo na nyati, kisha kuna Mlima Kitonga wenye kona na mteremko mkali. Likishavuka Nakonde, upande wa Zambia, na kushika barabara ya Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, gereji zinakaa mbalimbali mno. Kwenye njia kama hiyo sanduku la vifaa ndilo gereji ya kwanza, na mara nyingi ndilo pekee.

Kila kifaa tunachokilinganisha hapa tumekipima kwa maswali mawili. Kikikosekana, lori linasimama? Na kikiwepo, dereva na utingo wake wanaweza kukifunga wenyewe kando ya barabara? Injekta mpya kwa injini ambayo haikubali injekta bila kompyuta ya fundi ni mzigo mtupu. Lakini mpira mdogo wa kiunganishi cha upepo, unaoenea kwenye kiganja, ukikatika tu tela halitembei.

Vipimo tunavyotoa ni vya gari la kawaida la njia hii: kichwa cha ekseli tatu, tela la ekseli tatu, umeme wa volti 24, rimu za studi 10. Kumbuka pia mizani. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaweka tani 24 kwa kundi la ekseli tatu za tela na tani 18 kwa ekseli mbili za kichwa, na kila kilo ya chuma unachobeba inahesabiwa humo.

Jeki: tani 20, 32 au 50

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani jeki kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Tuanze na hesabu. Kundi la ekseli tatu lenye tani 24 lina tani 8 kwa ekseli, yaani tani 4 kila upande. Kwa hesabu hiyo jeki ya tani 20 inatosha. Lakini tela la springi za majani lina mizani yake ya katikati inayogawa uzito kati ya ekseli. Ukianza kunyanyua ekseli moja, jeki inabeba na uzito wa jirani zake. Ongeza na ukweli kwamba jeki ya bei rahisi mara chache hufikia tani zilizoandikwa ubavuni mwake.

| | Jeki ya chupa tani 20 | Chupa tani 32 | Chupa tani 50 |
|---|---|---|---|
| Urefu ikiwa imeshuka | sm 24 hivi | sm 26–29 | sm 28–31 |
| Uzito wake | kilo 10–12 | kilo 15–20 | kilo 25–35 |
| Inapofaa | tela lenye mzigo wa kawaida, kichwa kitupu | kichwa na tela vyenye mzigo kamili | lobedi, mashine nzito |
| Inaposhindwa | ikizeeka huvujia kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) | ekseli ikishuka sana | haiingii chini ya ekseli |

Vipimo hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo beba futi unapokwenda dukani. Mstari wa kwanza wa jedwali ndio wa kuutazama kuliko yote. Tairi la 315/80 R22.5 likiwa zima, tumbo la ekseli ya tela linakaa sm 43 hivi kutoka ardhini. Matairi yote mawili ya upande mmoja yakipasuka na rimu ikakalia lami, tumbo hilo linaweza kushuka hadi sm 26. Jeki ya tani 50 yenye kimo cha sm 30 haiingii, na mbao ya kuiwekea chini ndiyo kabisa. Utachimba ardhi kwa jembe ukiwa na jeki ya bei mbaya mkononi.

Uamuzi wetu: jeki moja ya tani 32 yenye kimo kifupi kuliko zote dukani, na nyingine ya tani 20 kama akiba. Zikiwa mbili, moja inanyanyua na nyingine inashikilia unaposogeza mbao. Jeki ya upepo, ile inayounganishwa kwenye tangi la upepo la lori, inaokoa mgongo na muda, lakini siku ambayo tatizo lenyewe ni upepo kuvuja haina maana, isipokuwa ile yenye mpini wa mkono pia. Inunue ikiwa ya tatu, si ya kwanza.

Pamoja na jeki, beba mbao ngumu mbili za sm 40 kwa 40 zenye unene wa sm 5 au zaidi. Bega la barabara wakati wa masika ni tope. Jeki bila mbao inazama yenyewe badala ya kunyanyua gari. Beba na kipande cha gogo cha sm 8 kilichochongwa mteremko upande mmoja. Tairi la nje likitoka upepo na la ndani likiwa zima, unasogeza gari polepole mpaka tairi la ndani lipande juu ya gogo, la nje linaning'inia, unalifungua bila jeki kabisa. Kazi ya dakika 20 badala ya saa nzima.

Jeki ikae wima sandukuni, valvu imefungwa. Ikilala siku nyingi oili inahama, hewa inaingia, na siku ya shida itapanda na kushuka kama inapumua. Dawa yake ni kufungua valvu, kuisukuma mara kumi hivi bila mzigo, kisha kuifunga. Kama bado, ongeza oili ya haidroliki. Oili ya breki usiitie, inakula sili.

Kufungua nati: bomba refu au rinchi ya gia

Wili spana yenye bomba la mita 1 hadi 1.5 ni kifaa cha kale na bado kinashinda kwa jambo moja: unahisi nati inavyokaza. Rinchi ya gia, ile ya kuzungusha kwa mpini mdogo, inazidisha nguvu mara nyingi sana, kiasi kwamba hata utingo mwembamba anafungua nati iliyoganda kwa kutu.

Kasoro yake inaanza wakati wa kukaza. Mkono hauhisi chochote, mpini unaendelea kuzunguka kwa urahisi, na studi inavutika mpaka inakatika hapo hapo au, mbaya zaidi, kilomita 300 mbele. Kwa hiyo usichague moja. Rinchi ya gia ifungue, bomba likaze.

Nati za M22 (kipenyo cha milimita 22) zenye nyuzi 1.5, ambazo ndizo nyingi kwenye malori ya Ulaya na matela, hukazwa kwa Nm 600 hivi (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Bila rinchi ya kipimo unaweza kukaribia hapo kwa uzito wa mwili: mtu wa kilo 70 akiegemeza uzito wake wote kwa utulivu kwenye bomba lililolala, sm 88 kutoka katikati ya nati, anatoa takriban Nm 600. Weka alama ya rangi kwenye bomba sehemu hiyo. Kuruka juu ya bomba hakukazi vizuri zaidi, kunavunja studi.

Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo unyanyue. Unaporudisha, kwangua kutu na rangi inayobanduka kati ya rimu na habu. Uchafu huo ukisagika njiani, nati zote zinalegea hata kama ulikaza ipasavyo. Kaza kwa kuvukisha, nati moja kisha ile inayotazamana nayo upande wa pili, na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena. Gurudumu linalong'oka safarini mara nyingi ni lile lililobadilishwa jana yake.

Soketi ni 32 au 33 kwa magari mengi ya Ulaya na matela. Soketi ya 33 kwenye nati ya 32 inakula pembe zake taratibu, na siku moja nati inageuka duara. Kama unaendesha lori la Kijapani lenye mfumo wa zamani wa nati mbili, unahitaji 41 kwa ya nje na mraba wa 21 kwa ya ndani, na ujue kwamba magurudumu ya kushoto yana nyuzi za kinyume. Wengi wamekata studi za kushoto wakidhani wanafungua.

Tairi la akiba: moja au mawili

Gurudumu moja la 315/80 R22.5 na rimu yake ya chuma lina kilo mia moja na ushee. Kwa safari ya Dar–Morogoro–Dodoma, moja linatosha. Mafundi wa pancha wako kila mji. Kwa Tunduma na kuendelea, beba mawili. Tairi likipasuka tela likiwa limejaa, jirani yake linabeba mzigo wa wawili mpaka unaposimama, na nalo mara nyingi huwa limeshaumia. Likifuata baada ya saa moja na akiba umeshaitumia, umekwama.

La pili linaweza kuwa tairi lililofufuliwa, yaani lililovishwa kashata mpya, kwa ajili ya tela. La kwanza liwe zima kabisa, la kufaa mbele. Tairi la mbele likipasuka huna la kuazima, na kufunga tairi la kufufuliwa kwenye usukani ni kuweka maisha rehani.

Matairi mawili yanayokaa pamoja yawe na kimo kimoja. Jipya likiwekwa kando ya lililochakaa, jipya ndilo linabeba karibu mzigo wote, linachemka na kupasuka, na dereva analaumu kiwanda.

Kuhusu pancha za tairi lisilo na tyubu: utambi wa kuzibia pamoja na patasi zake ni mzigo mdogo wenye faida kubwa, mradi tundu liwe kwenye kashata za kukanyagia na lisizidi milimita 6. Ubavuni usizibe. Na tairi lililotembea bila upepo, hata kilomita chache, usilijaze tena barabarani. Nyaya za ubavuni zimeshakatika ndani kwa ndani. Likipata upepo linachanika kwa mstari mrefu na kutupa mtu mbali. Hilo ni la kupakia na kupelekea fundi mwenye kizimba cha usalama cha kujazia.

Kwa kujaza, hozi ya mita 20 ya kuunga kwenye mfumo wa upepo wa lori inafika mpaka tairi la mwisho la tela, na inakuwezesha kusimama mbali na ubavu wa tairi. Angalia kwanza kompresa yako inakatia wapi: matairi mengi ya tela yenye mzigo yanataka psi 120, sawa na bar 8.3. Lori linalokatia bar 8 halitayafikisha, na hapo hozi ni ya kukufikisha kwa fundi tu.

Kipimo cha upepo au rungu la kugongea matairi? Rungu linakuambia tairi tupu ni lipi. Halitofautishi psi 90 na 120, na psi 90 ndiyo inayochemsha tairi mpaka linapasuka. Tumia rungu kila usimamapo, na kipimo kila asubuhi matairi yakiwa baridi.

Upepo na breki

Mfumo wa upepo ndio unaosimamisha malori mengi kwa vitu vidogo kuliko vyote. Mipira ya ndani ya viunganishi vya kichwa na tela, ile ya hozi nyekundu na njano, beba minne. Hozi moja ya ziada ya kuzungukazunguka ibebwe pia, nayo iwe ile nyekundu kama ni lazima kuchagua, kwa sababu nyekundu ikikatika tela linajifunga breki lenyewe.

Paipu za nailoni chini ya chasisi hukatika kwa kusuguana au kupigwa jiwe. Zipo njia mbili za kuunga. Njia ya wengi ni kuvisha kipande cha hozi ya mpira, kufunga klipu mbili na kuzungushia mpira wa tyubu. Inashika kwa muda, kisha kwenye bar 8 inateleza, na huwezi kujua itateleza wapi. Njia ya pili ni kiungio cha shaba cha kukazwa au cha kusukuma, cha kipenyo kile kile. Kwa tofauti ndogo ya bei hakuna sababu ya kuchagua ya kwanza. Beba viungio viwili vya kila kipenyo cha nje: milimita 6, 8, 10 na 12, na mita mbili za paipu ya kila kimoja. Kata paipu kwa kisu kikali, mkato wa mraba. Mkato wa mshazari ndio unaovujisha.

Chemba ya breki, kile chungu cha upepo kinachosukuma breki, yenye springi ya hendibreki ni swali gumu zaidi. Chemba nzima ina kilo zipatazo 10 na bei yake si ndogo. Boliti ya kuvutia springi ni rahisi, na mara nyingi imo tayari kwenye mfuko wake ubavuni mwa chemba. Diaframu ya hendibreki ikitoboka, upepo haushikilii tena springi, na gurudumu linajifunga. Kwa boliti unalifungua hivi: zuia magurudumu kwanza kwa vizuizi pande zote mbili, kwani unaondoa hendibreki, ng'oa kifuniko cha plastiki nyuma ya chemba, ingiza boliti, izungushe robo mpaka ishike, kisha kaza nati yake mpaka springi irudi nyuma yote. Kisha ziba paipu ya chemba hiyo.

Hapo umepata gurudumu linalozunguka, hujapata breki. Ni ya kukufikisha mji ulio karibu kwa mwendo mdogo kwenye tambarare. Kwa kushuka Kitonga haifai hata kidogo. Ndiyo maana kwa safari ya kuvuka mpaka tunasema beba vyote viwili, boliti na chemba moja ya aina iliyo nyingi kwenye gari lako. Soma namba zilizopigwa kwenye chemba, kwa mfano 24/30 au 30/30, usikisie kwa macho.

Usifungue kamwe bendi ya upande wa springi. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na ikiachiwa inapita mwilini mwa mtu.

Umeme: balbu au taa za LED

Kwa taa za nyuma na za ubavu wa tela, LED zinashinda. Barabara mbovu inakata waya mwembamba wa balbu, lakini LED haina waya huo. Upungufu wake ni kwamba ikifa unabadilisha taa nzima, na kwenye magari mengine indiketa zinapepesa haraka kwa sababu LED inakula umeme kidogo mno. Kwa taa kubwa za mbele baki na balbu zilizokuja na gari. Beba mbili za H7 za wati 70 au H4 za 75/70 kulingana na gari lako, sita za wati 21 za breki na indiketa, sita za wati 5. Zote volti 24. Ya volti 12 ikichanganyika humo inawaka mara moja, kwa mwanga mzuri sana, na basi.

Fyuzi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Tano za kila rangi zinaingia kwenye kopo la dawa. Fyuzi ikikatika mara mbili, kuna waya unagusa chasisi. Mara nyingi ni ule wa plagi ya tela. Karatasi ya sigara au waya wa shaba mahali pa fyuzi haizuii hitilafu, inaihamishia kwenye waya za ndani, na malori yameteketea hivyo.

Nyaya za kuwashia ziwe nene na ndefu, mita 4 au zaidi, kwa sababu betri za malori haziko mahali pamoja. Lori la volti 24 lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo: shika chanya ya mwisho na hasi ya mwisho, si vichwa vya betri moja. Gari dogo la volti 12 halifai kukuwashia.

Dizeli, maji na mikanda

Filta ya kwanza, ile yenye kikombe cha kutengea maji, ibebwe mbili. Ya pili, yaani filta laini, moja. Ukijaza dizeli chafu mara moja, filta moja haikufikishi. Kwenye injini za sasa zenye presha kubwa, usijaze filta laini kwa dizeli ya kwenye ndoo kabla ya kuifunga; uchafu unaingia moja kwa moja kwenye pampu na injekta. Ifunge tupu, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe.

Mkanda wa feni mpya au wa zamani? Mkanda uliotolewa kwenye matengenezo ukiwa bado haujapasuka ni akiba nzuri, na unajua unaingia kwa sababu ulishakuwemo. Mpya wa dukani upime kwenye gari kabla hujasafiri nao. Na jaribu kuubadilisha ukiwa nyumbani: kuna injini ambazo mkanda wa ndani hautoki mpaka uondoe wa nje, na kikazio kinataka mpini wa aina yake.

Maji lita 20 kwenye dumu, kulanti lita 5, oili ya injini lita 5 ya aina ile ile iliyomo. Hozi ya juu ya rejeta na klipu nne ni bora kuliko utepe wa kuzungushia, ingawa utepe unaojishika wenyewe unaingia popote na hauli nafasi, beba vyote. Kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikichemka.

Kufunga mzigo: mkanda, mnyororo, kamba

Mkanda wa ratcheti wa milimita 50 huwa umeandikwa kwenye kitambaa chake LC 2,500 daN, yaani nguvu ya takriban tani mbili na nusu ukivutwa moja kwa moja. Mnyororo wa daraja la 8 wenye milimita 8 una 4,000, na wa milimita 10 una 6,300. Mkanda ni mwepesi, haukwaruzi mzigo, na unavutika kidogo ukibeba uzito. Ndiyo maana unalegea baada ya mzigo kutulia. Adui yake ni ukingo mkali. Mabamba ya shaba yanayoteremka kutoka Zambia na Kongo yanaukata kama kisu usipoweka vilinda kona.

Kwa vyuma, mashine na roli za bati, chagua mnyororo. Kwa magunia, mapipa na maboksi, mkanda. Kamba ni ya turubai tu, hata ikiwa mpya na nene. Mkanda wenye mkato unaofika sehemu ya kumi ya upana wake utupe. Ukiufunga fundo unaupunguzia nguvu zaidi ya mkato wenyewe. Simama baada ya kilomita 50 za kwanza ukaze upya, kama kwa nati.

Kuvutwa

Kamba ya waya ni rahisi na hatari: ikikatika inarudi kama mjeledi. Mnyororo hauruki sana, lakini unagonga gari linapokaza ghafla. Mkono wa chuma usiopinda ndio pekee unaofaa mteremkoni, kwa kuwa gari la nyuma haliwezi kulivamia la mbele. Ni mzito kuubeba kwa kila lori, hivyo kampuni yenye msafara iuweke kwenye gari moja kati ya matano. Kilicho lazima kwa kila lori ni pini au pete ya kuvutia ya gari lako. Bila hiyo, mwokoaji atafunga mnyororo kwenye bampa au ekseli na kuongeza gharama. Na gari lisilo na upepo halivutwi mpaka lipewe upepo kutoka gari la mbele, maana hendibreki imelishika. Injini ikiwa imezima, usukani nao unakuwa mzito.

Pembetatu, matawi na mitungi ya moto

Matawi barabarani yanaeleweka na kila dereva wa ukanda huu. Usiku hayaonekani mpaka umeshayafikia, na wenyewe wakiondoka wanayaacha pamoja na mawe. Pembetatu ya kuakisi inaonekana mbali taa zinapoigusa. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde. Lori lililojaa linahitaji mita nyingi kusimama. Weka pembetatu ya nyuma mita 100 au zaidi, na kama umekwama baada ya kona, iwe kabla ya kona hiyo. Beba nne, kwa sababu zinagongwa na zinaibwa. Vizuizi viwili vya gurudumu vya mpira au chuma vichukue nafasi ya mawe.

Mtungi wa unga wa kilo 9 ni bora kuliko wa kilo 6 kwa lori lenye tela. Lori la mafuta liwe na miwili. Kwa tairi linaloungua, unga unazima mwali tu. Joto lililo ndani ya mpira na ngoma ya breki linawasha tena baada ya dakika chache. Hapo ndipo dumu la maji la lita 20 linafanya kazi ambayo mtungi hauwezi, kwa kupoza. Geuza mtungi kichwa chini mara moja kwa mwezi na uugonge kwa kiganja, kwa sababu mtikisiko wa safari unaushindilia unga chini mpaka unakuwa kama jiwe.

Viwekwe wapi

Sanduku la tela lina nafasi, la kichwa halina. Lakini tela linabadilishwa bandarini, na vifaa vinaondoka nalo. Jeki, soketi, rinchi, balbu, fyuzi, viungio vya upepo, chemba na filta vikae kwenye kichwa. Tela libaki na mbao, vizuizi, mikanda na tairi la pili, ndani ya kizimba chenye kufuli. Bandika orodha ndani ya mlango wa sanduku, yenye idadi ya kila kitu, na dereva anayepokea gari aihesabu mbele ya anayekabidhi kabla ya kutia sahihi.